“Sina Neno, Mheshimiwa”: namna ya kupinga maelezo ya kukiri kosa kabla mahkama haijayapokea

Kijana mmoja, mvuvi, alisimama kizimbani katika mahkama moja hapa Pemba. Askari alikuwa ameshaeleza alivyomwandikia maelezo yake. Akanyanyua karatasi nne zilizobanwa pini, akaomba zipokewe. Hakimu akamgeukia kijana: “Mshitakiwa, una pingamizi?” Naye, mikono nyuma, kwa adabu aliyofunzwa kwao, akajibu: “Sina neno, Mheshimiwa.”

Alidhani anaulizwa kama ana ugomvi na askari. Ilipofika zamu yake ya kujitetea, miezi baadaye, akavua kiatu kuonyesha kidole kilichong'oka ukucha. Hakimu alimsikiliza hadi mwisho, tena kwa upole. Lakini karatasi zile zilikwisha kugongwa muhuri wa kielelezo, yaani zimeshapokewa kuwa ushahidi.

Nimeiona hali hiyo kwa sura mbalimbali, na kila mara naulizwa swali lilelile: mbona tulieleza kila kitu na hatukusikilizwa? Mlieleza, ila mlichelewa. Katika kesi ya Shihoze Semi na mwenzake, iliyoripotiwa mwaka 1992, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilisema anayengoja utetezi ndipo akane maelezo yake ameshaachwa na boti. Sisi wa visiwani hatuhitaji tafsiri ya hilo. Boti ya Unguja ikishaachia kamba pale Mkoani, tiketi iliyo mkononi mwako ni karatasi tu.

Mwongozo huu ni wa mshitakiwa asiye na wakili, jamaa zake, na wasaidizi wa sheria wanaokimbia huku na huku mashehani. Mwenye wakili au vakili (mtetezi wa mahkama za chini) amweleze yeye haya yote, asifanye lake pembeni.

Maneno matatu ya kuyajua kwanza

*Maelezo ya onyo* ni yale anayoandika askari baada ya kumwonya mtuhumiwa kwamba halazimiki kusema, na kwamba atakachosema kinaweza kutumika kama ushahidi.

*Maelezo ya ungamo* huandikwa mbele ya mlinzi wa amani, mara nyingi hakimu wa mahkama ya chini ambaye hasikilizi kesi hiyo.

*Shauri dogo* ni usikilizaji mfupi unaofanywa katikati ya kesi kubwa ili kujua kama maelezo yalitolewa kwa hiari. Wengine huita kesi ndani ya kesi. Hicho ndicho unachokitafuta.

Vitu vya kuwa navyo

- Nakala ya maelezo yenyewe, kurasa zote, pamoja na ule wa mwisho wenye saini na uthibitisho wa mwandishi.
- Hati ya mashtaka.
- PF3 (fomu ya polisi ya kwenda kutibiwa), cheti cha hospitali, au hata karatasi ya dawa ya siku zile. Picha za majeraha zibaki ndani ya simu iliyozipiga, msizifute baada ya kuzisafirisha.
- Majina ya watu waliomwona mshitakiwa kabla ya kukamatwa na baada ya kutoka kituoni: mke, jirani, sheha, dereva wa gari ya shamba, mahabusu wenzake.
- Nguo alizovaa siku ile, kama zina damu au zimechanika. Msizifue.
- Daftari na kalamu. Kila tarehe ya mahkama iandikwe humo, na nini kilisemwa.
- Sheria ya Ushahidi ya Zanzibar, Namba 9 ya 2016, na Sheria ya Mwenendo wa Jinai, Namba 7 ya 2018. Huna haja ya kuzihifadhi kichwani. Zisome sehemu zinazohusu ukiri, au mpe msaidizi wa sheria akusomee.

Tahadhari kwa hilo la mwisho. Kuna karatasi zinazunguka kwenye simu zinazosema mtuhumiwa lazima aandikwe maelezo ndani ya saa nne tangu kukamatwa. Hiyo ni sheria ya mwenendo wa jinai ya Tanzania Bara, haitumiki Zanzibar. Ukisimama Chake Chake ukataja kifungu cha Bara, mwendesha mashtaka atakukalisha kwa sentensi moja, na hoja yako nzuri itazama pamoja na ile mbovu. Maamuzi ya Mahakama ya Rufani ni jambo jingine: mahakama hiyo ni ya Muungano, rufaa za jinai za kwetu hufika kwake, na misingi yake juu ya ukiri hutufunga hata ikiwa kesi ilitoka Mwanza.

Hatua ya 1: Soma maelezo, ujue kama kweli umekiri

Hatua hii inarukwa na karibu kila mtu. Mshitakiwa anasema “niliandikwa maelezo nikiwa na maumivu,” jamaa wanapaniki, wanajiandaa kupinga. Nakala ikifika, unakuta ndani amekana kila kitu. Maelezo ya namna hiyo yanakusaidia. Ya nini kuyapigia kelele?

Ukiri ni pale maneno yanapobeba kosa: nilichukua, nilimpiga, nilikuwa nao. Soma mstari kwa mstari, weka alama penye maneno ya kosa. Kama yapo, endelea. Kama hayapo, jiulize vizuri kabla ya kupinga.

Angalia pia lugha. Mchuma karafuu wa Micheweni hasemi “mnamo majira ya usiku tulipanga njama na kuelekea eneo la tukio.” Hiyo ni lugha ya ofisini. Peke yake haimwokoi mtu, kwa sababu askari atasema alinyoosha Kiswahili tu, lakini ukiiweka pamoja na mengine inaanza kusema kitu.

Umefaulu hatua hii ukiweza kumwonyesha mtu mwingine, kwa kidole, mstari unaoupinga.

Hatua ya 2: Amua unapinga kwa sababu gani

Zipo njia mbili, na ukizichanganya vibaya zinauana.

Ya kwanza: *nilisema, lakini si kwa hiari.* Nilipigwa, nilitishwa, nilinyimwa chakula au dawa, niliahidiwa kuachiwa, niliambiwa mke wangu atakamatwa. Ahadi nayo imo humu. Watu wengi hudhani ni kipigo tu kinachohesabika.

Ya pili: *sikusema kabisa.* Maneno si yangu, saini si yangu, siku hiyo sikuandikwa kitu.

Akisimama mtu akasema “nilipigwa ndiyo nikasema,” kisha wiki mbili baadaye akasema “mimi sijawahi kuandikwa maelezo,” mahkama itamwona mwongo wa pande zote mbili. Hata hivyo kuna hali inayoshika njia zote mbili bila kupingana, nayo ndiyo inayotokea zaidi: askari alishaandika, mimi nikalazimishwa kutia saini au dole gumba bila kusomewa. Ikiwa ndivyo ilivyokuwa, isemwe hivyohivyo, isikatwe nusu.

Onyo moja zito hapa. Msitunge. Nimewahi kukaa na familia iliyotaka kijana wao aseme alichomwa na sigara, ilhali kovu lile lilikuwa la mafuta ya moto ya sambusa, la miaka mingi. Daktari angeliona mara moja. Alichofanyiwa kweli, kukeshwa usiku kucha akisimama, kilitosha kabisa kupeleka pingamizi. Kingezikwa na ule uongo.

Hatua ya 3: Tengeneza ratiba ya saa

Chukua ukurasa mmoja wa daftari, upige mstari katikati. Kushoto andika saa alizotaja mshitakiwa: alikamatwa lini, wapi, nani alikuwepo, alifikishwa kituo gani, alitolewa mahabusu mara ngapi, aliandikwa lini. Kulia andika saa zilizomo kwenye maelezo, hati ya mashtaka na maelezo ya mashahidi.

Hapo ndipo mambo hujitokeza. Maelezo ya kurasa sita yaliyoanza na kumalizika ndani ya dakika kumi na tano. Maelezo yanayosema mtu alikuwa kituoni asubuhi, na sheha alimwona nyumbani kwake adhuhuri. Kukamatwa Jumatatu, maelezo Alhamisi: siku tatu alikuwa wapi, akifanywa nini?

Tahadhari ya saa zetu. Askari huandika 0900, sisi husema saa tatu asubuhi. Siku moja nilipoteza mchana mzima na wazee wawili waliokuwa wakiapa kwamba maelezo ni ya uongo kwa sababu yameandikwa “0200” na kijana saa mbili asubuhi alikuwa msikitini kwenye darsa. 0200 ni saa nane usiku. Tulipogeuza saa, hoja ya darsa ikafa, ikazaliwa nyingine nzuri zaidi: kwa nini mtu aandikwe maelezo saa nane usiku?

Ratiba ikishakamilika, mshitakiwa aisome mpaka aweze kuieleza bila karatasi. Kama yuko rumande Chuo cha Mafunzo, yaani gerezani, jamaa wamsomee wakienda kumtazama.

Hatua ya 4: Sema mapema, kila mlango unapofunguka

Pingamizi lenyewe litakuja baadaye, lakini mizizi yake hupandwa sasa.

Mlango wa kwanza ni siku ya kwanza kufikishwa mbele ya hakimu. Ukiwa na jeraha, sema: “Mheshimiwa, nimepigwa nikiwa mikononi mwa polisi, naomba iandikwe na naomba nipelekwe hospitali.” Kwa nini? Kwa sababu swali la kwanza utakaloulizwa baadaye ni hili: kama ulipigwa, mbona hukumwambia hakimu? Jibu likiwa ndani ya kumbukumbu za mahkama yenyewe, swali limekufa kabla ya kuulizwa.

Mlango wa pili ni hospitali. PF3 hutoka polisi, na aliyepigwa na polisi ana tabu ya kuipata. Ndiyo maana nasema mwombe hakimu. Ukiikosa, jina lako na tarehe katika daftari la zahanati vina uzito, na ukipokelewa Chuo cha Mafunzo ukiwa na majeraha, yataje kwa anayekupokea ili yaandikwe.

Mlango wa tatu unawanasa wengi: usikilizwaji wa awali, pale pande mbili zinapotenganisha yanayobishaniwa na yasiyobishaniwa. Mwendesha mashtaka anaweza kusoma orodha ndefu kwa haraka: jina lake fulani, anaishi shehia fulani, alikamatwa tarehe fulani, aliandikwa maelezo ambamo alikiri. Mshitakiwa anaitikia kwa kichwa kama yuko kwenye khitma. Ukikubali hapo, umeyakubali maelezo. Kubali jina na makazi yako. Yakifika maelezo, sema wazi: “Hilo nalikataa.”

Umefaulu hatua hii ikiwa ndani ya jalada la mahkama kuna angalau mstari mmoja, wenye tarehe, unaoonyesha ulilalamika kabla ya siku ya pingamizi.

Hatua ya 5: Siku yenyewe, sentensi yenyewe

Sasa tuko kizimbani. Haya yote manne ya juu yalikuwa maandalizi ya dakika moja.

Shahidi atakuwa askari aliyeandika maelezo. Atataja cheo chake, tarehe, namna alivyokuonya. Kisha ataulizwa atayatambuaje maelezo hayo akiyaona. Atasema kwa mwandiko wangu, kwa saini yangu na ya mshitakiwa. Atapewa karatasi, atazitazama, atasema ndizo. Halafu yatakuja maneno unayopaswa kuyangoja kama mvuvi anavyongoja maji kujaa: “*Naomba mahkama iyapokee kama kielelezo.*”

Hakimu au jaji atakugeukia. Anaweza kusema “una pingamizi?”, anaweza kusema “unasemaje kuhusu waraka huu?”, anaweza kusema “una neno?” Yote ni swali moja. Usijibu “sina neno,” usijibu “sawa,” usijibu “namwachia Mungu.” Hili la mwisho nimelisikia kwa masikio yangu, na lilihesabiwa kuwa hakuna pingamizi.

Jibu hivi, kwa sauti ya kusikika:

“Mheshimiwa, napinga maelezo haya yasipokewe kama kielelezo. Sikuyatoa kwa hiari yangu. Nilipigwa kwa mpira miguuni na askari wawili usiku wa kuamkia siku hiyo, nikatishwa kwamba mke wangu ataletwa, ndipo nikatia saini. Naomba mahkama isiyapokee mpaka ifanye shauri dogo kuchunguza namna yalivyopatikana.”

Mambo manne yamo humo: unapinga, sababu yako, tukio kwa kifupi, na ombi. Badilisha tukio liwe lako. Usimwage habari nzima hapa, wakati wake unakuja. Na usianze kusema kwamba hukuiba au hukuua. Hapa haliulizwi hilo. Ukilianza, mahkama inaweza kuona unalumbana na ukweli wa maneno na kwamba hupingi namna yalivyopatikana.

Baada ya kusema, tazama kalamu ya hakimu. Kama haijasogea, ongeza kwa adabu: “Naomba pingamizi langu liandikwe.” Mahakama ya rufaa husoma kilichoandikwa, haisikii kilichosemwa.

Je, usipoulizwa kabisa? Inatokea, hasa kwa asiye na wakili. Shahidi anaomba, hakimu anaandika “imepokewa,” kesi inasonga. Nyoosha mkono palepale, kabla karatasi haijagongwa muhuri: “Mheshimiwa, samahani, sijaulizwa, na mimi napinga.” Kiburi hicho, wanaogopa wengine. Hakuna kiburi. Umekaa kizimbani kwa ajili hiyo.

Jambo jingine la kulisikilizia: askari akianza kusimulia *yaliyomo* kabla waraka haujapokewa, yaani “aliniambia kwamba aliingia kwa dirisha…”, mkatishe vilevile. Katika kesi ya Robinson Mwanjisi na wenzake, iliyoripotiwa mwaka 2003, Mahakama ya Rufani iliweka utaratibu: waraka hukubaliwa kwanza, ndipo usomwe. Kuusoma kabla ni kumwaga mchuzi ndani ya wali ambao mwenyewe hajasema kama atakula.

Umefaulu ukisikia hakimu akisema kesi kubwa inasimama. Katika kesi ya Twaha Ali na wenzake watano, Rufaa ya Jinai Namba 78 ya 2004, Mahakama ya Rufani ilisema pingamizi la hiari likitolewa, mahkama lazima isimamishe kila kitu na kuchunguza kabla ya kupokea. Kama hakimu anataka kuendelea na kusema “tutaliangalia kwenye hukumu,” mkumbushe hiyo kwa upole, itaje kwa jina.

Hatua ya 6: Shauri dogo

Humu mzigo si wako. Upande wa mashtaka ndio wa kuthibitisha kwamba ulisema kwa hiari, bila kuacha shaka ya maana. Wewe huthibitishi kwamba ulipigwa, unaonyesha shaka. Wengi huingia humu kinyume, wakidhani bila kovu hakuna kesi.

Wataanza wao. Wataleta askari aliyeandika, pengine na mwingine aliyekuwepo. Maswali yako ya dodoso yatoke kwenye ratiba ya hatua ya 3, na yawe mafupi, ya kujibiwa kwa neno moja au tarehe. Nilikamatwa saa ngapi? Niliandikwa saa ngapi? Katikati nilikuwa wapi? Kitabu cha mahabusu kinaonyesha nilitolewa mara ngapi, nacho kiko wapi? Nilielezwa kwamba naweza kuita jamaa au wakili? Nani aliitwa? Nilisomewa kabla ya kutia saini? Kwa nini ukurasa wa pili hauna saini yangu?

Usiulize “kwa nini ulinipiga?” Atajibu “sikukupiga,” nalo litaandikwa. Muulize vipande, picha ijijenge yenyewe.

Kisha zamu yako. Unaweza kutoa ushahidi na kuita mashahidi. Simulia kwa mpangilio wa saa: nani, wapi, kwa kitu gani, mara ngapi, ulisema nini, ulitia saini lini. Onyesha jeraha, toa cheti cha hospitali, mwite aliyekuona ukichechemea. Ushahidi wako hapa unahusu hiari tu. Ukiulizwa kama kweli ulitenda kosa, muombe hakimu aseme kama swali hilo linahusu shauri dogo.

Mwisho hakimu anatoa uamuzi mdogo, na sababu zake. Andika tarehe na sababu kwenye daftari.

Hatua ya 7: Baada ya uamuzi

*Maelezo yakikataliwa,* yanaondoka, lakini kesi haijafa. Mashahidi wengine wapo, vitu vilivyokamatwa vipo. Nimeona watu wakichinja mbuzi siku hiyo, kisha hukumu ikaja na kifungo.

*Yakipokewa,* kwanza hakikisha yanasomwa kwa sauti mbele ya mahkama. Yasiposomwa, iandike; ni hoja ya rufaa yenye nguvu. Kisha usinyamaze. Ushahidi wa shauri dogo hauhami wenyewe kwenda kesi kubwa, kwa hiyo yule askari mhoji upya kuhusu kipigo, saa na saini, na kwenye utetezi wako rudia yote. Kupokewa kunamaanisha tu kwamba karatasi imeingia mlangoni. Uzito wake bado unapimwa.

Uzito huo una kanuni yake. Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, katika Tuwamoi dhidi ya Uganda ya 1967, ilisema maelezo yaliyokanwa, iwe kwa kusema “nililazimishwa” au “sikusema,” yatazamwe kwa hadhari kubwa, na kwa kawaida mahkama itafute ushahidi mwingine wa kuyaunga mkono. Inaweza kumtia mtu hatiani bila huo, ikiridhika kabisa kwamba maneno ni ya kweli. Kwa hiyo kwenye majumuisho yako, yaani maneno yako ya mwisho kabla ya hukumu, onyesha kipi hakijaungwa mkono: umesemwa uliuza pikipiki Wete, mnunuzi yuko wapi?

Ikiwa ukiri umo ndani ya simu

Siku hizi kuna klipu. Kijana amekaa chini, mwanga wa tochi usoni, sauti ya mtu asiyeonekana inauliza, yeye anajibu. Pengine imerikodiwa na askari, pengine na vijana wa mtaa kabla polisi hawajafika.

Watu huona klipu wakakata tamaa: ameshajionyesha mwenyewe, tupinge nini? Mnapinga yaleyale. Video inaonyesha alichosema. Haionyeshi kilichotokea kabla ya kubonyezwa kitufe. Pingamizi la hiari linatolewa wakati uleule, kwa sentensi ileile ya hatua ya 5.

Juu ya hilo, klipu ina mlango wake wa pili: uhalisi. Nani alirikodi, naye yupo mahkamani? Simu iliyorikodi iko wapi, au tunaonyeshwa nakala ya nakala iliyopitia makundi matano? Ilikaa mikononi mwa nani tangu siku ile? Inaanza katikati ya sentensi? Sauti inaruka mahali? Hoja hizi mbili zitajeni zote mbili, kila moja kwa jina lake: “napinga kwa sababu sikusema kwa hiari, na pia kwa sababu haijaonyeshwa kwamba rekodi hii ni kamili.” Ombeni ichezwe kwa ajili ya pingamizi tu, na ombeni iandikwe dakika na sekunde ya kila mkato mnaoutaja. Aliye na nakala ndefu zaidi ya ile ya polisi aitunze kwenye simu yake ileile, asiikate wala kuibandika maandishi.

Mambo mawili yanayoulizwa kila mara

*Mwenzangu kanitaja kwenye maelezo yake.* Hiari yake ataipinga yeye. Wewe pinga uzito: maneno ya mshitakiwa mwenzako hayatoshi peke yake kukutia hatiani.

*Aliyeandikwa ni mtoto.* Chini ya miaka 18, Sheria ya Mtoto Namba 6 ya 2011 inaingia. Swali la kwanza kwa askari: mzazi au mlezi alikuwepo alipohojiwa, na jina lake limeandikwa wapi? Lipandishe hili kuwa sababu ya kwanza ya pingamizi, kipigo kifuate.

Pa kupata mtu wa kusimama nawe

Sheria ya Msaada wa Kisheria Namba 13 ya 2018 imeweka utaratibu wa msaada kwa asiye na uwezo. Anzia kwa msaidizi wa sheria wa shehia yako au Idara ya Katiba na Msaada wa Kisheria. Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar nacho kina ofisi Unguja na Chake Chake. Nenda na nakala ya maelezo na lile daftari, wala usingoje wiki ya kusikilizwa. Anayekuja jioni ya kuamkia kesi hupewa pole na glasi ya maji.

Na ikiwa hukumu imeshatoka, siku hiyohiyo muulize karani mambo mawili: siku za kuwasilisha kusudio la rufaa ni ngapi, na nakala ya mwenendo itatoka lini. Nakala ikifika, usianze na hukumu. Tafuta ukurasa ambao askari aliomba maelezo yapokewe, usome mstari unaofuata. Kama umeandikwa “Mshitakiwa: Napinga” na hakuna shauri dogo chini yake, mpigie wakili kabla hujafungua ukurasa mwingine.